Suti ya Fisi na Kijiko cha Uji

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa nini?"
"Pakawa pasi isiyo na makaa!"
"Na nguo zikanyookaje?"
"Zililaliwa!"

Basi sogeeni. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna polepole, nataka kuisikia sauti yangu.

Hapo kale palikuwa na ghala la nafaka, na msimamizi wake alikuwa Fisi. Fisi alikuwa na suti mpya ya sufu, ya bei ya kutisha, na alikuwa na tumbo lisilojua likizo. Kwa ajili ya tumbo hilo akaweka sheria: kila adhuhuri, chakula kikishapakuliwa, yeye hukagua nguo za wafanyakazi. Atakayekutwa na mkunjo, sahani yake inakwenda kwa bosi.

Kwa, kwa, kwa! Viatu vya Fisi vikapita.

"Wewe Ngiri, una mikunjo!"

"Bosi, hapo si shati. Hiyo ni ngozi yangu."

"Mkunjo ni mkunjo. Lete sahani!"

Nyam, nyam, nyam. Ikaisha.

Kwa, kwa, kwa! Mpaka kwa Nguchiro, karani wa ghala. Fisi akamzunguka mara moja, akamzunguka mara ya pili. Sketi ya marinda imenyooka, kola imesimama, viatu vinang'aa. Fisi akameza mate akaondoka. Ilikuwa hivyo jana, ilikuwa hivyo juzi, na roho ilimuuma kweli kweli.

Msidhani Nguchiro alikuwa na kabati la nguo. Alikuwa na sketi moja na blauzi moja, zote za mtumba, na watoto watatu walioingoja nusu ya sahani ile kila jioni. Akirudi nyumbani alifua, chaka, chaka. Kwenye maji ya kusuuzia alitia kijiko kimoja cha uji wa muhogo, ili nguo isimame. Akaianika, na ikiwa bado na unyevu kidogo akailaza chini ya godoro, halafu yeye na wanawe wote wakapanda juu. Viatu alivisugua kwa ganda la ndizi. Wala hakuona aibu, alijiona fundi.

Siku moja ikaja habari: mkaguzi wa mfalme atafika Jumatatu kumchagua mkuu wa maghala yote. Mkaguzi mwenyewe ni Mzee Kobe, mfupi kuliko kigoda, lakini anapenda heshima kuliko chakula. Fisi akaitazama suti yake. Alikuwa akila nayo, akilala nayo, na ilikuwa imekunjamana kama jani la tumbaku. Akamwita Nguchiro.

"Niambie siri yako. Ukinificha, Jumatatu huna kazi."

Nguchiro akawakumbuka watoto wake watatu. Bila kazi wanawe wangekula nini? Lakini Nguchiro akiogopa ndipo akili humjia.

"Nikufiche kwa lipi, bosi?" Akamweleza yote, beseni mpaka godoro. "Ila uji, bosi, kijiko kimoja tu. Kimoja! Kisha uilalie bila kujigeuza."

Alisema kweli tupu, kwa sababu alimjua Fisi. Tangu azaliwe, Fisi hajawahi kuambiwa "kimoja" akaamini.

"Kijiko kimoja!" Fisi akanguruma alipofika kwake, nyuma ya ghala. "Hicho ni cha sketi ya mtumba. Ananipunja huyu!" Akapika sufuria nzima, uji mzito, akaitumbukiza suti, chubwi! Jumamosi tangu asubuhi akailalia, kimya, hata sikio hakulitikisa. Adhuhuri akasikia vijiko ghalani, kwaru, kwaru, kwaru. Tumbo likalia, lakini angeinuka vipi? Siku hiyo Ngiri alimaliza sahani yake mwenyewe, akafuta machozi.

Jumatatu suti ikatoka imenyooka kama ubao. Fisi akaingia ndani yake kwa shida, akaja kazini bila kukunja goti. Kaka, kaka, kaka!

Mzee Kobe akafika. Ngiri akainama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Nguchiro akapiga goti mpaka chini. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Fisi akajaribu kuinama. Suti ikakataa. Akajaribu kupiga goti. Suti ikakataa. Akabaki wima, macho yanatazama mbali, juu ya kichwa cha mkaguzi.

"Huyu anamsalimia nani?" Mzee Kobe akauliza.

"Wewe, mzee! Nainama kwa moyo!"

"Mimi siko juu ya mti, bwana."

Fisi akakusanya nguvu zake zote, akajikunja. Pwaaa! Suti ikapasuka kutoka kolani mpaka mkiani, magamba ya uji yakaruka, na Fisi akaanguka kifudifudi. Ngiri alicheka mpaka akaegemea gunia.

"Karani," Mzee Kobe akasema, "kuanzia leo maghala yote ni yako."

Amri ya kwanza ya Nguchiro ilikuwa kila mtu ale sahani yake. Ya pili, Fisi aoshe sahani, zikishaliwa.

Ngano naikunja hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chapwa, nirudishieni niongeze chumvi.

Na funzo lake? Funzo lake, wanangu, ni hili: mshahara ukiwa mdogo, msihangaike na godoro wala muhogo. Nunueni suti ya bei mbaya, simameni wima, na msimwamkie mtu.