Mpini Uliorudishwa Stoo

Kila alfajiri Generoza alikuwa wa kwanza kufika lamboni. Alisogeza majani yaliyoelea kwa kitako cha ndoo, akachota, akajitwika na kuondoka kabla kijiji chao cha ujamaa, nje kidogo ya Mikumi, hakijaamka. Asubuhi ile ndoo ilitoka majini nzito kama imejaa mawe. Alipochungulia aliona kobe wawili wa majini, dume amempanda jike mgongoni, amemng'ang'ania kwa kucha.

"Mama yangu!" Akaimwaga ndoo, haya imemjaa usoni.

Kicheko kikapasuka nyuma yake. Alikuwa Fausta, rafiki yake aliyehamia kijijini kutoka Magomeni, Kilosa.

"Shoga, umewavunjia watu ndoa!"

Jike alizama, dume akamfuata. Alimzunguka, akampanda tena, akanyoosha shingo na kutikisa kichwa huku na huku, akimpulizia maji kwa pua. Jike akaficha kichwa gambani. Dume hakukata tamaa. Pembeni, kwenye matete, dume wa pili, mkubwa kuliko yule, alitoa pua tu nje ya maji, akitazama.

"Mwone huyo," Fausta alisema. "Ana haya kama wewe. Atakufa bila mtoto."

Generoza alicheka kwa midomo tu. Macho yake yalikuwa kwenye jembe lililokuwa begani kwa Fausta.

Mpini wa jembe lile aliuchonga Anselmi, kijana aliyetengeneza zana za kijiji. Masika yaliyopita aliuchonga mwembamba, ukatosha kiganja kidogo cha Generoza, akauzungushia pete kwa chuma cha moto. Alimpa bila kusema neno, naye Generoza akapokea bila kusema neno. Alitamani kwenda nao nyumbani. Lakini majembe yalikuwa ya wote, na aliyelala na jembe nyumbani kwake aliitwa mnyonyaji. Jioni akalirudisha stoo pamoja na mengine. Kesho yake Fausta akaliokota, Anselmi akaona, uso wake ukafungika kama mlango. Tangu siku hiyo alicheka na Fausta tu, na wivu ukamla Generoza kama mchwa alavyo nguzo: nje nzima, ndani unga.

"Jumamosi mjomba wake Anselmi anakuja kwetu kuposa," Fausta alisema. "Nitakubali. Kijana mzuri, na hana mwenyewe. Au anaye?"

Generoza alifungua kinywa. Neno lililotoka lilikuwa, "Hongera."

Wakati huo Anselmi aliteremka na ndoo yake. "Hamjambo?"

"Hatujambo," aliitikia Fausta peke yake.

Majini, jike alitoa kichwa taratibu. Hakukificha tena. Akazama na dume wake, mapovu yakapanda. Yule mkubwa alijikokota kutoka kwenye matete na kufika pale walipokuwa, akakuta maji matupu.

Generoza aliyatazama maji yale mpaka yakatulia.

"Fausta, naomba jembe langu."

"Lako? Si la kijiji?"

"Jembe la kijiji. Mpini wangu."

Anselmi aliweka ndoo chini. "Si uliurudisha?"

"Niliogopa midomo ya watu."

Fausta aliutazama mpini, akaitazama ile pete, akamtazama Anselmi aliyekuwa ameinamisha kichwa. Tabasamu lake likazimika. Akamsukumia Generoza jembe kifuani. "Chukua. Ungesema tangu masika, nisingekuwa nimeshakata kitenge cha kuvaa Jumamosi."

Generoza alilishika jembe kwa mikono miwili, akamgeukia Anselmi.

"Anselmi, mjomba wako asiende kwa kina Fausta. Aje kwetu. Ninayekutaka ni mimi, na nimekutaka tangu siku uliyonipa mpini huu."

Anselmi akainua kichwa, na uso uliofungwa tangu masika ukafunguka.

Mficha uchi hazai.