Chokaa ya Bi Somoe

Wakazi wa Kidugalo walimwandikia mtendaji wa kata barua tatu kuhusu mto wao, uliokuwa umegeuka mweusi na kunuka kwa maji ya kiwanda cha ngozi. Bwana Ngonyani hakujibu hata moja.

Asubuhi moja akamkuta Bi Somoe, muuza vitumbua, akipaka chokaa mawe ya kando ya barabara, kama yanavyopakwa akija waziri. Alianzia kwenye lami, akaishia mtoni.

"Shikamoo, mama. Kwani anakuja nani?"

"Marahaba, baba. Mimi nimetumwa kupaka tu," alijibu, macho kwenye brashi. "Mambo ya wakubwa nitayajulia wapi?"

Mtendaji akakimbilia kiwandani. Kufikia Ijumaa bomba la kiwanda lilikuwa limezibwa kwa zege, taka zimezolewa, na mchanga umeanza kuonekana chini ya maji. Jumamosi alisimama ukingoni na suti yake mpaka adhuhuri. Hakutokea mtu ila Bi Somoe na ndoo yake.

"Mama, hivi nani hasa aliyekutuma?"

"Majirani," alisema Bi Somoe, akichota maji. "Barua zetu huzisomi, baba. Tukaona safari hii tukuandikie kwa chokaa."