Amina ya Kwaya

Naona mmechoka, wapendwa. Hata mimi nimechoka, kwa hiyo sitawaweka sana.

Huko Marekani alikuwepo Myahudi mmoja, mtunzi wa nyimbo, ndiye aliyeongoza muziki katika sinagogi lao. Kazi hiyo ilimzeesha. Mchana anafundisha piano watoto wasiotaka kufundishwa, jioni mazoezi ya kwaya, na bado wiki haiishi bila mtu kulalamika. Wewe mwalimu wa kwaya yetu, si unamjua huyo?

Sasa katika sala zao, kiongozi akishasema maneno, watu wote huitikia "Amina". Na mnajua watu tulivyo. Huyu anawahi, yule anachelewa, mzee wa nyuma anaivuta mpaka wenzake wameshakaa. Ilimkera bwana yule. Akatunga Amina ya sauti nne, tamu ajabu, akawaambia waumini, "Jamani, kuanzia leo iachieni kwaya. Mnaniharibia wimbo."

Yule mzee wa nyuma akauliza, "Na sisi tufanye nini?"

"Ninyi sikilizeni, mzee wangu. Pumzikeni."

Wakapumzika. Nani hapendi kupumzika? Miaka ikaenda, na sinagogi likasifiwa mji mzima.

Kisha mama yake yule mtunzi akafa. Kwao, mfiwa husimama kati ya waumini akasali kwa ajili ya marehemu wake, na hawezi kusali peke yake. Lazima aitikiwe. Akaenda asubuhi ya siku ya kazi, kwaya haipo. Akasimama, sauti imemkauka kwa kulia. Akasema maneno ya kwanza, akangoja.

Kimya. Watu wanatazama viti vya kwaya.

"Jamani, niitikieni! Ni mama yangu!"

Mzee akamjibu kwa huzuni, wala hakuwa anamkomoa: "Mwanangu, tunataka. Lakini Amina yako hatuiwezi, na ya kwetu tunaionea haya."

Mnaguna? Msimcheke, maana sisi hatukukatazwa na mtu. Tumejipumzisha wenyewe. Kuomba tumemwachia mchungaji, kwenda kumwona mgonjwa tumewaachia akina mama, tukishatoa sadaka tunaangalia saa. Na kila mmoja wetu atafiwa, wapendwa. Siku hiyo sauti nzuri haitakusaidia kitu. Utamhitaji huyo uliyekaa naye benchi moja. Mtazame. Umewahi kumsikia akiomba?

Haya, tusimame tuombe. Kwaya, ninyi leo kaeni.