Magoti ya Kuazima

Kitanda cha mwenzako ni rahisi kukisifu. Utasifu upana wake, utasifu na nakshi zake, kisha uende zako ukalale kwako. Atakayeamka akijikuna ni mwenyewe. Ndiyo maana wahenga wakatuonya kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kijana mmoja wa kidato cha nne alilielewa onyo hilo akiwa ameketi.

Wenzake walimwita Injinia, na jina lilikuwa limempanda kichwani. Somo alilolipenda ni Ubunifu na Teknolojia. Mwaka huo kila mwanafunzi alitakiwa kumtengenezea mtu mmoja kitu cha kumwondolea shida, na alama za kazi hiyo ndizo zingeamua nani angeingia chuo cha ufundi. Injinia alimchagua bibi yake, aliyekuwa akisumbuliwa na magoti. Alimtengenezea kiti cha kupumzikia: kifupi, kimelala nyuma, hakina mikono, kimepigwa msasa na vanishi mpaka kinang'aa.

"Mwalimu, nimemaliza!" alijigamba karakanani siku ya Ijumaa. "Bibi habanduki kitini. Jana nimemwacha amekaa asubuhi, narudi jioni namkuta palepale!"

Mwalimu wao, mama mfupi asiye na maneno mengi, aliweka penseli chini.

"Wewe umekikalia?"

"Nimekikalia. Kitamu hicho, usiseme!"

"Kwa magoti ya nani?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akatoa kabatini bendeji nene na vipande vya mbao nyembamba. "Kesho funga magoti yasikunjike vizuri, ukikalie mwenyewe. Usipofanya hivyo, Alhamisi mtahini akija, mimi sitii saini."

Injinia aliapa mbele ya wenzake kwamba hatazifungua bendeji mpaka jioni. Kitu gani hicho cha kumshinda yeye?

Jumamosi alijifunga, akajibwaga kitini. Bibi alicheka. "Haya, mume wangu, leo umezeeka kuliko mimi!" Akachukua mkongojo wake, akaenda kwa jirani.

Mwanzo mambo yalikuwa shwari. Baadaye kiu ikamshika, kisha haja ikambana. Akajaribu kuinuka; miguu ilimtoka mbele kama mipini ya majembe, na hapakuwa na pa kushika. Akajaribu tena, akarudi chini pu! Mkono uliziendea bendeji azifungue, akajizuia. Magoti ya bibi hayana fundo la kufungua.

"Bibi! Bibi wee!"

Bibi alikuja, akasimama mlangoni. "Umenasa?"

"Nimenasa, bibi."

"Pole. Mimi juzi nilinasa humo tangu ulipokwenda shule mpaka uliporudi. Hata maji sikunywa."

Injinia alihisi uso unamwaka. Jioni ile ya juzi alikuwa amepiga makofi alipomkuta kitini.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, na ulivyojipinda kukitengeneza? Uliniona ukafurahi, nikasema basi, nisimvunje mtoto moyo."

Injinia alilia, na hakuona haya kulia. Jioni ile ile akazifungua bendeji, akashika msumeno. Akaunga miguu ya kiti ikarefuka, akainua egemeo, akatia mikono iliyochomoza mbele. Bibi alikaa, akainuka, akasema bado. Mjukuu akaongeza kidogo, akamkalisha tena. Vanishi ilichubuka, viraka vikaonekana wazi. Jumatatu alikipeleka karakanani, wenzake wakamdhihaki: "Injinia, hiki ni kiti au ni farasi?"

Alhamisi bibi aliletwa karakanani, akakalishwa kwenye kiti chake. Mtahini alipitisha kidole kwenye viraka, akakunja uso.

"Kazi ilikuwa nzuri hii. Kwa nini umeiharibu?"

Injinia aligeuka kumtazama bibi. Mtahini akamnyooshea bibi mkono amsaidie kuinuka ili akikague kiti vizuri.

"Acha, baba," bibi alisema. Akashika mikono ya kiti, akajisukuma, akasimama wima peke yake. Kisha akakaa tena, akasimama tena, kwa raha zake tu. "Kijana wangu huyu aliazima magoti yangu kutwa nzima," akasema. "Ndiyo akajua."

Mtahini akaandika alama. Mwalimu naye akatia saini.

Alama zile zilimfikisha Injinia chuoni. Siku ya kuondoka, bibi alimkuta akizitia bendeji zile kuukuu sandukuni, akamuuliza za nini. Akajibu kwamba huko atawatengenezea watu wengi vitu, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.