Annelis na Paa la Barabarani

Kila majira ya baridi, theluji iliporomoka mlimani na kuifunga barabara ya kijiji cha Hinterau. Mwaka mmoja ilimfunika dereva wa gari la maziwa. Alipofukuliwa alikuwa ameshakata roho. Annelis Rhyner, mwenye kiwanda cha kupasua mbao alichorithi kwa baba yake, alirudi kutoka mazishini akiwa ameuma meno. Barabara ile, aliapa, itaezekwa paa la zege, liwalo na liwe.

Katika jimbo lao la Glarus raia hujipitishia sheria wenyewe, wamesimama uwanjani Jumapili ya Mei, wakiinua kadi za kura. Annelis alipanda jukwaani, akaieleza hoja yake bila kutafuna maneno. Baada yake akapanda Balz Marti, mfugaji mwenye sauti kama radi.

"Jamani, paa hilo ni la kutukinga sisi au la kukinga magogo ya Annelis yapitayo humo?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kadi zilizomuunga mkono mwanamke yule zilikuwa chache kama meno ya kikongwe.

Mchana walikutana penye kibanda cha soseji za ndama.

"Balz, hata ng'ombe wako hawajaota mabawa. Wanapita wapi?"

"Walikopita wa babu yangu, mama tajiri!"

Maneno yale yalimchoma kama mwiba, lakini hayakumvunja moyo. Aligombea baraza la kijiji, akashinda. Akaingia bunge la jimbo. Hata hivyo, kila alipolitaja lile paa, watu walinong'ona: magogo, magogo. Hatimaye aliamua kuwauzia mafundi wake kiwanda. Kaka yake Jost akaja juu kama moto wa kifuu.

"Dada, unauza jasho la baba kwa ajili ya watu waliokucheka?"

"Nikibaki nacho, Jost, hawatanisikia mimi. Watasikia msumeno tu."

Siku ya kukabidhi funguo alilia kimyakimya, akajipangusa, kisha akaanza kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Hoja ilianguka tena, ingawa safari hii kwa kadi chache. Hakuacha. Hata jikoni kwa Balz aliingia, wakabishana mpaka jibini iliyoyeyushwa ikapoa mezani.

"Hivi wewe huchoki?" Balz alimwuliza.

"Nimechoka sana. Niongezee kahawa."

Mei iliyofuata mvua ilinyesha, lakini watu walijaa uwanjani. Annelis alisema machache. Kisha Balz akapanda, kofia mkononi.

"Mama huyu ananikera," Balz aliunguruma. "Kiwanda hana tena, na bado anagonga mlango wangu. Mtu hagongi hivyo kwa kutafuta faida. Anagonga kwa sababu tunakufa. Mimi nainua kadi."

Kadi zikainuka. Mwenyekiti wa mkutano alitazama, akasita, akaomba ziinuliwe tena, akawaita wenzake wamsaidie kukadiria. Kisha akatangaza:

"Hoja imepita!"

Jost alimkumbatia dada yake pale pale kwenye matope. Baadaye wananchi walimchagua Annelis kuingia serikali ya jimbo, na akausimamia ujenzi mpaka zege la mwisho. Majira ya baridi yaliyofuata theluji iliporomoka kwa kishindo, ikapita juu ya paa, ikatumbukia bondeni. Chini yake gari la maziwa lilikuwa likipita, taa zikiwaka, dereva akipiga mluzi. Ama kweli, bandu bandu huisha gogo.