Saa ya Kiboko Jabalini

Hapo zamani za kale (sogeeni, na wewe wa nyuma acha kumfinya mwenzako), hata mwangwi ulikuwa na mwenyewe.

Kulikuwa na bonde, na katikati yake jabali. Ukisimama juu ya jabali ukasema, ulisikika kila nyumba bondeni. Ila lilikuwa na tabia moja: lilifanya sauti zote zifanane. Aseme Simba, aseme Panya, hutofautishi. Na wawili wakisema pamoja ilisikika vuu-vuu-vuu tu. Mwaka mmoja porini kulizuka moto, kila mnyama akapanda kutangaza, na kwa kelele zile hakuna aliyejua akimbilie wapi.

Baada ya hapo Korongo akawekwa kuwa mkaguzi. Akagawa vibali, kila mmoja na saa yake. Ukisikia sauti saa ya Swala, unajua ni Swala. Mambo yakatulia.

Saa ya jua kuchomoza alipewa Kiboko, kwa kuwa alifika wa kwanza na hakuna aliyetaka kubishana naye. Mwanzoni alisema kidogo. Baadaye akawa analala. Usiku kucha anakula majani, asubuhi anakoroma, na jabali liko kimya.

Sasa, saa hiyo hiyo ndipo Mwewe alipowinda, na ndipo watoto wa Bi Nguchiro walipotoka kutafuta wadudu. Asubuhi moja mama yao alimwona Mwewe akishuka. Jabali lilikuwa karibu, lakini hakuwa na kibali, akaogopa. Akakimbia kwa miguu kwenda kuwaonya. Alipofika, mtoto mmoja hayupo.

Alilia mpaka machozi yakamkauka. Kisha akaenda kwa Kiboko.

"Shikamoo, mzee. Saa yako ya asubuhi niazime, niwalinde waliobaki."

"Naitumia mwenyewe."

"Hatujakusikia tangu masika, mzee."

"Huwa nasema polepole," Kiboko akajibu, akapiga mwayo. "Na ni yangu. Ipo siku nitaihitaji."

Nguchiro akaenda kwa Korongo, akamweleza yote.

"Pole sana, mwanangu," Korongo akasema, na alimaanisha. "Lakini nikikuruhusu wewe leo, kesho atapanda Fisi, kesho kutwa Nyani, turudi kwenye vuu-vuu. Mwenye kibali anasema saa yake anaitumia."

"Na kama haitumii?"

"Nionyeshe."

Nguchiro akajifunga kanga yake vizuri, akaenda zake. Kesho yake, jua linachomoza, akapanda jabali, chap chap, akasema:

"Wanabonde, leo karamu kwa Kiboko! Matikiti yameiva, njooni mle mshibe."

Akashuka. Ilikuwa saa ya Kiboko, basi nani atie shaka? Nyani akaja na bakuli. Nguruwe akaja na ukoo mzima. Korongo naye alikuja, kikapu amekificha chini ya bawa.

Ngo, ngo, ngo. Kiboko akafungua mlango, macho yamevimba kwa usingizi.

"Mnataka nini?"

"Matikiti," akasema Nguruwe. "Si umetuita mwenyewe asubuhi hii?"

"Mimi? Sijamwita mtu."

Nguchiro akasema kutoka nyuma, taratibu tu, "Mzee Kiboko anatuambia kila asubuhi yuko jabalini. Kama leo alikuwako, basi aliyetuita ni yeye, afungue ghala. Kama aliita mwingine, atuambie ni nani, maana walisimama juu ya jiwe moja."

Kiboko akaangalia ghala lake. Akawaangalia watoto wa Nguruwe, walivyokuwa wengi na walivyokuwa na njaa.

"Nilikuwa nimelala," akasema.

"Na jana?" Korongo akauliza.

"Jana pia. Tangu masika."

Korongo akageuka. "Na aliyepanda ni nani?"

"Mimi," akasema Nguchiro.

"Umevunja sheria."

"Nimeivunja. Siku niliyoitii nilipoteza mtoto."

Korongo alisimama kwa mguu mmoja, akafikiri kwa muda mrefu, kwa sababu alijua kwamba sheria ile aliitunga yeye, na aliitunga kwa nia njema.

"Adhabu utapata," akasema mwishowe. "Utafagia jabali mpaka mvua zinyeshe. Lakini saa haitakaa bure tena. Kiboko, ukija ni yako. Asipokuja, Nguchiro, sema wewe. Na siku akipanda, nyamaza hapo hapo."

Nguchiro akaahidi, ikawa hivyo. Kila asubuhi watoto kule majanini walisikia, "Mwewe huyo, ingieni ndani," wakaingia.

Siku moja Nguchiro alikuwa juu ya jabali, Mwewe ndiyo kwanza anatokea angani, mara akasikia puu, puu, puu. Kiboko anapanda. Amekuja kudai saa yake.

Nguchiro alikuwa amefungua mdomo. Akaufunga. Alikuwa ameahidi, akanyamaza.

Kiboko akafika juu anahema. Akamtazama Nguchiro, akaona anakotazama. Akainua macho, akamwona Mwewe. Akatazama chini, akaviona vile vitoto kwenye majani. Alilokuja kulisema akaliacha.

"Mwewe huyo," akasema Kiboko. "Ingieni ndani."

Vitoto vikakimbia vikaingia. Havikujua kwamba aliyesema hakuwa mama yao, maana sauti ya jabali ni moja.

Basi wanangu, chako usichokitumia mpe nafasi anayekihitaji, na ukipewa nafasi hiyo, iheshimu.