Siwema Alivyosikia Neno la Getini

Mwanamke mmoja alikuwa na jozi moja ya viatu vya kuombea kazi, navyo vilimbana. Aliitwa Siwema. Aliishi kwa kaka yake, na wifi yake alilisindikiza kila tonge kwa macho mpaka limshuke kooni. Ndiyo maana alitaka kazi, yoyote ile: ale bila kutazamwa.

Alizunguka mji mzima. Huku wakamwambia amezeeka, kule wakamwambia hana uzoefu, kana kwamba mtu huzeeka usingizini. Waliokuwa wakitafuta pamoja naye walirudi makwao kila siku wamenuna. Wameshiba nini kwa huko kununa, hawajasema.

Asubuhi moja wakakusanyika kwenye geti la karakana ya mafundi cherehani. Sikukuu ilikaribia, na cherehani zilikuwa zikilia humo ndani. Mlinzi akatoa kichwa, salamu hana, akapaza sauti:

"Hamna kazi!"

Wenzake wakageuka, wakaanza kuondoka kama kuku walionyeshewa mvua. Siwema hakuondoka. Neno ni lilelile, ila yeye alilisikia upande wake wa pili.

"Kweli hatuna, mwanangu," akajibu. "Ndiyo maana tumekuja. Wewe uliye nayo, tufungulie!"

Kicheko kikalipuka. Mlinzi mwenyewe akashika nguzo ya geti asianguke. Ndani, mwenye karakana, Mama Nuhu, alikuwa amejibanza nyuma ya majora ya vitambaa, akiwakwepa wateja waliokuja kudai magauni yasiyoshonwa. Mafundi alikuwa nao tele. Mtu wa kuwakabili wenye magauni ndiye hakuwa naye. Akatoka mafichoni, akamshika Siwema mkono, akamwingiza.

Mteja wa kwanza aliingia akifoka kwamba aliahidiwa gauni lake Jumanne. Siwema akampa kiti, akamuuliza kwa upole: Jumanne ya mwaka huu? Yule mama akaitafuta hasira yake, asiione, akacheka. Hapo Siwema akamwambia ukweli, kwamba gauni halijakatwa hata mkono, na akaita fundi alikate palepale mwenyewe akiona.

Mchana akala wali na mafundi, kelele tupu, kila mtu na sahani yake.

Na wale waliogeuka pale nje, walifukuzwa na mlinzi au na masikio yao wenyewe?